Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ilizaliwa uwanjani, palipopigwa ngoma. Mchezaji alipoingia katikati akacheza vizuri, watu waliomjua, yaani shangazi zake, majirani zake na wale waliomwona akitambaa, walitoka mmoja mmoja wakamtuza: huyu sarafu, yule leso, mwingine maneno ya sifa. Mgeni aliyecheza vizuri kuliko yeye aliweza kurudi kwao mikono mitupu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumtambua. Hivyo ndivyo methali hii inavyofundishwa darasani, na wanafunzi huiandika katika madaftari yao, wakaongeza maana yake, wakapata alama zao.

Lakini neno kutunza lina maana mbili. Kumtunza mchezaji ni kumpa zawadi mbele za watu. Kutunza pia ni kulinda kitu kisiharibike, kama mtu atunzavyo shamba, mifugo au mtoto. Maana ya kwanza humalizika jioni ile ile ngoma inapokwisha. Maana ya pili hutaka miaka. Katika insha hii nataka kuuliza, msomaji mwema, kama sisi twawatunza wasanii wa kwetu kwa maana hii ya pili. Na kama hatuwatunzi, ni jambo gani lipasalo kufanywa, na nani alifanye.

Nina sababu ya kuuliza. Mimi ni mwalimu wa sekondari katika Ukambani. Nilisomea ualimu chuoni, na huu ni mwaka wa kumi na mbili tangu nishike chaki. Kila mwaka, bila kukosa, huwamo darasani mwangu mtoto mmoja au wawili ambao mikono yao imejua jambo lisilofundishwa na vitabu. Mmoja huchora uso wa mwenzake kwa penseli hata darasa zima likacheka kwa kuutambua. Mwingine hufinyanga ng'ombe kwa udongo wa mtoni, na ng'ombe yule huonekana kana kwamba amechoka kwa safari ya malishoni. Na kila mwaka mmoja wao huja kwangu baada ya masomo, akasimama mlangoni, akauliza swali lile lile: "Mwalimu, je, sanaa yaweza kunilisha?" Mzazi wake amekwisha kumjibu kuwa haiwezi. Yeye anatafuta jibu la pili. Jibu langu ni refu kuliko muda wa kusimama mlangoni, nami nimeona heri niliandike.

Kwanza yatupasa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni kipawa na ustadi. Kipawa ni mbegu, ustadi ni mavuno. Hapana mkulima apelekaye mbegu sokoni akadai bei ya mavuno. Mbegu hutaka ardhi, mvua, jembe na subira. Mtoto apendaye mashine hatumwachi chini ya mti mpaka awe mhandisi. Twamtafutia shule, twamnunulia vitabu, twamwombea nafasi katika karakana. Lakini mtoto apendaye kuchora au kuchonga twamsifu kuwa amezaliwa nacho kipawa, kisha twaenda zetu. Sifa hiyo, ijapokuwa tamu masikioni, ni namna ya kumtupa. Maadamu amezaliwa nacho, twadhani hahitaji kitu kingine.

Tazama habari za Wamunyu, mji mdogo ulio katika Kaunti ya Machakos. Tangu zamani Wakamba walichonga vijiko, mizinga, na viti vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa waya uliopigwa ndani ya mbao kwa ustadi mkubwa. Vitu hivyo vilikuwa vya matumizi ya nyumbani. Kisha mtu mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge, alichukuliwa kwenda Tanganyika katika Vita Kuu vya Kwanza, vilivyopiganwa toka 1914 hadi 1918. Huko aliona kazi ya wachongaji ambao wengi husimulia kuwa walikuwa Wamakonde, akajifunza kwa kutazama. Aliporudi kwao alichonga sanamu za kuuza, na kazi hiyo ikaenea polepole kutoka ukoo hadi ukoo, mpaka wachongaji wa Kikamba wakajaa Gikomba katika Nairobi na Changamwe katika Mombasa, na sanamu zao zikavuka bahari.

Wengi husimulia habari hii ili kutukuza kipawa cha mtu mmoja. Mimi naisimulia kwa sababu nyingine. Mutisya Munge alikuwa na kipawa kabla ya vita, lakini yaliyobadilisha maisha ya Wamunyu ni mambo mawili yaliyofuata: aliona kazi ya mafundi wengine akajifunza, na alirudi kwao akawafundisha wenziwe. Laiti angalijifunza asirudi, Wamunyu isingalijulikana. Laiti angalirudi bila kujifunza, angaliendelea kuchonga vijiko tu. Katika mambo hayo mawili mna mzizi wa yote nitakayosema.

Faida ya kazi ile imenifikia mimi mwenyewe. Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, alikuwa mchongaji. Karo yangu ya chuo cha ualimu ilitoka katika tezo yake. Asubuhi alilima, na jua lilipokuwa kali aliketi chini ya mwembe, akashika gogo kwa nyayo zake mbili, akalichonga. Mvumo wa tezo ulikuwa saa ya nyumba yetu; uliponyamaza tulijua kuwa anapiga msasa, na harufu ya rangi ya viatu iliposikika tulijua kuwa kesho mnunuzi atapita.

Mnunuzi huyo alikuja kwa gari, akahesabu twiga kwa dazeni kama ahesabuye mayai. Alitaka twiga wa kimo kimoja, shingo za namna moja, na madoa ya namna moja. Kwa miaka zaidi ya thelathini mjomba alichonga twiga. Siku moja alichonga kitu kingine: bibi kizee aliyebeba kuni, ambaye mgongo wake ulipinda kwa namna ambayo kila mtu wa kijiji chetu aliijua, kwa kuwa ndivyo nyanya yetu alivyokuwa akirudi kutoka porini. Kazi ile ilimchukua majuma mawili. Mnunuzi aliigeuza mkononi, akasema kuwa wageni hawanunui wazee, akairudisha, akahesabu twiga. Mjomba hakubishana naye. Alimpa mama yangu sanamu ile, na baada ya hapo sikumwona tena akichonga kitu kisichoagizwa.

Alifariki dunia miaka mitano iliyopita. Ukihesabu kazi zake hukosi kufikia maelfu. Huenda ziko katika nyumba za Ujerumani, Japani na Marekani. Hakuna hata moja iliyoandikwa jina lake. Watu waliokuja mazikoni walisema, na walisema kweli, kuwa alikuwa na kipawa. Nilipokuwa nikiwasikiliza nilifikiri kuwa jambo hilo halikuwa na shaka hata siku moja. Kipawa kilikuwapo. Mambo matatu ndiyo yaliyokosekana, nami nitayataja moja moja: mahali pa kuendelea kujifunza, wenzi wa kazi, na soko lijualo haki.

Ama jambo la kwanza, la kuendelea kujifunza. Tulipokuwa chuoni, wakufunzi wetu walituambia kuwa mwalimu aachaye kusoma huacha kufundisha, hata kama angali akisimama mbele ya darasa. Neno hilo lamhusu kila mwenye kazi ya ujuzi. Daktari huendelea kujifunza dawa mpya, mkulima huendelea kujifunza mbegu mpya. Msanii naye, asipoona kazi za wengine na kusahihishwa na wanaomzidi, huanza kujirudia. Twiga wa mwaka wa thelathini huwa yule yule wa mwaka wa kwanza.

Zamani nafasi ya kujifunza sanaa katika Afrika Mashariki ilikuwa moja, nayo ilikuwa mbali. Mwingereza Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere, Uganda, mwaka 1937, na vijana wa Kenya na Tanganyika waliotaka elimu hiyo hawakuwa na budi kusafiri hadi Kampala. Gregory Maloba, aliyezaliwa Mumias, alisoma huko, kisha akafundisha huko. Sanamu ya Uhuru wa Uganda ya mwaka 1962, inayoonyesha mama akimwinua mtoto wake juu, ni kazi ya mikono yake. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu chini ya Kilimanjaro, naye alisoma Makerere. Ndiye aliyechora picha za ukutani katika kanisa kuu la ukumbusho la Murang'a, akaonyesha maisha ya Yesu katika nchi ya vilima na migomba ambayo waumini wa pale waliijua kuwa ni yao.

Nataka umkumbuke hasa Rosemary Karuga, kwa kuwa alikuwa mwalimu kama mimi. Alizaliwa Meru mwaka 1928, akasoma sanaa Makerere toka 1950 hadi 1952, akiwa mmoja wa wanawake wa kwanza kufanya hivyo. Kisha alirudi Kenya, akafundisha shule, akalea watoto. Kwa miaka mingi hakupata mahali wala nafasi ya kufanya sanaa yake. Alipostaafu, katika miaka ya 1980, ndipo alipoanza tena. Alikata vipande vya karatasi za kufungia sabuni na unga, akavibandika kimoja kimoja hadi vikawa picha za wanawake, kuku, mbuzi na maisha ya kijijini. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa New York. Alifariki mwaka 2021.

Watu hutoa habari za mama huyu ili kutufundisha kuwa subira huvuta heri. Mafundisho hayo ni mema. Lakini mimi hujiuliza swali jingine: je, ile miaka ya katikati ilikwenda wapi? Kama pangalikuwa na chumba kimoja tu karibu na shule yake, chenye meza, mwanga na wenzi watatu au wanne, tungalikuwa na picha ngapi leo ambazo hatunazo? Hasara hiyo haimo katika kitabu cha hesabu cha mtu yeyote, na kwa hiyo hatuilii.

Usidhani kuwa kujifunza ni lazima kuwe ng'ambo. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusoma. Alipotaka kujua kufinyanga kwa mkono bila gurudumu, alirudi Afrika, akajifunza katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria, alikokuwa mfinyanzi mashuhuri Ladi Kwali. Leo vyungu vya Odundo vimo katika makumbusho makubwa ya dunia. Fikiri jambo hili, msomaji: mwanafunzi wa vyuo vya Ulaya aliketi chini ya mwanamke mfinyanzi wa Kiafrika ili ajifunze. Je, wewe umewahi kuketi siku moja kando ya mama afinyangaye vyungu katika soko la kwenu, ukamwuliza ni udongo gani aupendao, na kwa nini huchanganya mchanga? Mwalimu yupo. Hajawahi kuulizwa tu.

Jambo la pili ni wenzi wa kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1965 Elimo Njau na wenziwe walianzisha Paa ya Paa katika Nairobi, nyumba ya kuonyeshea sanaa na ya wasanii kukutania. Jina lenyewe ni mchezo wa lugha yetu, kwani paa ni mnyama, na kupaa ni kwenda juu. Nyumba hiyo iliungua moto mwaka 1997, na kazi nyingi zikateketea, lakini haikufa. Ni humo ndimo Rosemary Karuga alimopata mahali pa kazi alipoanza upya. Mwaka 1995 Kuona ilianzishwa ili kuwapa wasanii vyumba vya kazi na mafunzo, na mwaka 2003 kituo cha GoDown kikafunguliwa katika maghala ya zamani. Tena Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kujulikana duniani, ameanzisha taasisi ya sanaa katika mji huo huo.

Umeona kuwa kila mahali nilipopataja ni Nairobi. Siwalaumu walioanzisha, wametenda mema, na pasipo wao tungalikuwa maskini zaidi. Lakini nchi yenye kaunti 47 haiwezi kuridhika kuwa na jiko moja la kupikia chakula cha wote. Mtoto wa Kitui, wa Turkana au wa Busia ambaye hana nauli wala jamaa mjini, kwake yeye nafasi iliyo Nairobi ni sawa na nafasi isiyokuwapo.

Hata hivyo, nje ya Nairobi haikosi mifano. Huko Changamwe, wachongaji wa Kikamba walianzisha chama chao cha ushirika mwaka 1963, wakafanya kazi pamoja chini ya vibanda na kuuza katika duka lao wenyewe. Faida ya ushirika ilionekana hasa mti ulipoanza kuadimika. Mpingo na muhugu ni miti ikuayo polepole mno, na ilikatwa upesi kuliko inavyokua. Mchongaji aliye peke yake angalibaki akilalamika. Wachongaji walio pamoja waliweza kujifunza kutumia mwarobaini, mti ustawio upesi katika pwani, na kufundishana namna ya kuukausha usipasuke. Huko Tabaka katika Kaunti ya Kisii, jamaa nzima nzima huishi kwa jiwe la sabuni: huyu huchimba, yule huchonga, na wanawake hulowesha na kusugua kwa msasa mpaka jiwe ling'ae kama yai. Huko Lamu, wazee wa kuchonga milango huwapokea vijana, wakawafundisha nakshi kwa miaka, kama walivyofundishwa na wazee wao. Wenye kazi wakikaa pamoja, ujuzi wa mmoja hauzikwi pamoja naye.

Jambo la tatu ni soko lijualo haki. Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa shule hulisahau, na ni hapa mjomba wangu alipopata hasara kubwa. Msanii wengi wamjuavyo ni mtu asiyependa hesabu. Basi na tuhesabu pamoja. Tuseme kijana anachonga kiti kimoja. Gogo limemgharimu shilingi 400, msasa na nta shilingi 150, nauli ya kupeleka sokoni shilingi 250; jumla shilingi 800. Kazi imemchukua siku tatu. Akiuza kiti kwa shilingi 1,500, hurudi nyumbani akifurahi kuwa amepata noti mkononi. Lakini toa shilingi 800, zabaki 700. Zigawanye kwa siku tatu, hazifiki 240 kwa siku. Tuseme kibarua wa kulima hapo kwao hulipwa shilingi 600 kwa siku. Fundi yule amejilipa chini ya nusu ya mshahara wa mtu asiye na ustadi wowote, wala hakujua. Kama angalijilipa kama kibarua tu, asingaliuza kiti kwa chini ya shilingi 2,600. Daftari moja la kuandika gharama lina faida kwa msanii kama tezo yenyewe.

Na juu ya bei kuna haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mwenye kazi ya sanaa maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kifo chake hulinda warithi wake. Mtu hawezi kuchukua picha uliyochora akaichapa katika fulana na kuiuza bila idhini yako. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliongeza haki nyingine: wafanyabiashara ya sanaa wanapouza tena kazi ya msanii, msanii hustahili asilimia 5 ya bei hiyo. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya iko kwa ajili ya mambo haya. Lakini sheria ni kama mwavuli: haumsaidii mtu auachaye nyumbani. Kazi isiyo na jina, isiyo na tarehe, isiyopigwa picha wala kuandikwa katika daftari, ni vigumu kuthibitisha kuwa ni ya nani. Ndiyo sababu mimi huwaambia wanafunzi wangu waandike majina yao nyuma ya kila mchoro, hata ule waliouchora kwa mzaha. Wengine hucheka. Mimi sicheki.

Hayo ndiyo mambo matatu. Sasa ni nani wa kuyatimiza? Methali yetu ina watu wawili ndani yake: yupo mcheza, na wapo watu wa kwao. Kila mmoja ana deni.

Watu wa kwao ni sisi sote. Katiba ya mwaka 2010 yautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na imeziachia serikali za kaunti shughuli za utamaduni pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo si ndoto kutaka kila kaunti iwe na karakana moja ya wasanii, yenye vifaa, mwalimu na ukumbi wa maonyesho. Vyuo hivyo vina mafundi wa useremala na ushonaji. Kuongeza meza ya uchongaji, ufinyanzi au uchoraji hakuhitaji muujiza. Mtaala mpya wa umilisi umeiweka sanaa, pamoja na michezo, kuwa njia moja kati ya tatu za masomo ya sekondari ya juu. Njia hiyo isiishie katika kitabu cha mtihani. Mzee mchongaji na aitwe shuleni, akae mbele ya wanafunzi na tezo yake, na alipwe kama mgeni yeyote mwenye elimu alipwavyo. Kanisa linalotaka picha ukutani, hospitali inayotaka bango, hoteli inayotaka viti, na wauangalie kwanza mkono ulio karibu. Na sisi wanunuzi tuache ile desturi ya kumwomba msanii tunayemjua bei ya kirafiki. Rafiki wa kweli hulipa bei kamili, kwa kuwa yeye ajua ni siku ngapi zimetumika.

Mcheza naye ana deni lake. Methali haikusema kuwa mtu yeyote asimamaye uwanjani kwao hutunzwa, yasema mcheza. Kazi mbovu haistahili tuzo kwa sababu imefanywa na jirani. Fundi achongaye kiti chenye mguu mfupi, au apokeaye malipo ya kwanza kisha akafichama, amewaharibia jina wenziwe wote wa kijiji. Ahadi ya siku na itimizwe siku ile. Aliyesahihishwa asinune. Aliyejifunza jambo asilifiche.

Huenda ukasema, msomaji, kuwa kijana mwenye kipawa hana haja ya kukaa nyumbani. Na aende zake mjini au ng'ambo. Mimi simzuii. Tembea uone, walisema wahenga. Mutisya Munge alitembea, Maloba alitembea, Odundo alitembea. Nisemalo ni kuwa safari iwe chaguo la mtu, isiwe kufukuzwa na ukosefu. Kuna tofauti kubwa kati ya kijana aendaye Nairobi kwa kuwa amekwisha kujifunza yote ya kwao na anatafuta zaidi, na yule aendaye kwa kuwa kwao hapana hata mtu wa kumwonyesha namna ya kunoa patasi. Wa kwanza ana kitu cha kupeleka na mahali pa kurudi.

Sasa nimjibu mtoto asimamaye mlangoni. Mwanangu, sanaa yaweza kukulisha, lakini si kila mmoja, wala si upesi. Wasanii wengi wa kwetu hulima pia, au hufundisha, au huchora mabango ya maduka huku wakingoja kazi kubwa, wala hakuna aibu katika hilo. Mjomba wangu alilima mpaka siku zake za mwisho. Usiache masomo mengine. Hesabu itakulinda sokoni, na lugha itakuwezesha kueleza kazi yako na kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Mtafute fundi aliye karibu nawe, umwombe ukae naye siku za likizo, ufagie hata takataka za mbao. Tafuta wenzi wawili au watatu, mkutane kila juma, muonyeshane kazi na kuambiana kweli. Weka daftari. Andika jina lako. Ukiambiwa kuwa wageni hawanunui jambo ulipendalo, mchongee mnunuzi twiga wake ili upate karo, lakini usiache kabisa kuchonga bibi kizee wako, kwa kuwa yeye ndiye atakayekutofautisha na wachongaji elfu wengine.

Nanyi mnaosoma insha hii wala hamna mkono wa sanaa, msidhani kuwa haikuwahusu. Baada ya miaka michache mtakuwa wazazi, wafanyabiashara, walimu, maofisa wa kaunti na wajumbe wa bodi za shule. Mtakuwa ninyi mnaokaa pembeni mwa uwanja. Ngoma itapigwa, na mtoto wa jirani ataingia katikati. Wakati ule kitakachopimwa ni mkono wenu, kama utakuwa na kitu cha kumpa au utabaki mfukoni.